Naomba ushauri: bustani inanimalizia maji, na nyuki wameihama

Jembe Butu:
Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mita sita kwa nane, yenye mboga, maua machache na kipande cha ukoka. Kila jioni huimwagilia kwa mpira kwa robo saa hivi, lakini ikifika saa sita mchana majani yamenyauka kana kwamba hayajaonja maji. Msimu uliopita vidukari waliishambulia, nami nikapiga dawa ya wadudu mara kadhaa. Vidukari wamerudi, ila nyuki, vipepeo na ndege wadogo waliokuwa wakija asubuhi sijawaona tena. Nipunguze maji kwa njia gani bila kuiua mimea, na je, viumbe hao watarudi? Nina pia paa la bati la mita za mraba 40, ambalo maji yake yote ya mvua huishia mtaroni.

Mzizi Mrefu:
Ndugu Jembe Butu, kabla hujanunua chochote, kesho asubuhi chimba kwa kijiti hadi kina cha kiganja. Nadhani utakuta juu pamelowa na chini pakavu, kwa sababu mmea unaopewa maji kidogo kila siku hauna haja ya kushusha mizizi, hivyo huiacha juu, mahali ambapo jua hukausha kwanza. Mwagilia alfajiri, polepole, hadi maji yashuke sentimita 20 hivi, kisha usirudie mpaka udongo wa chini uanze kukauka. Miche michanga usiibadilishie utaratibu kwa ghafla.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: jani linalonyauka mchana na kusimama lenyewe jioni halidai maji, bali linajikinga na joto. La kutilia maanani ni lile ambalo alfajiri bado limelegea.

Ukishamwagilia, tandaza majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Usitandaze juu ya udongo mkavu, kwa kuwa manyunyu ya mvua yataishia kwenye matandazo.

Tone Moja:
Kuhusu paa, hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 itakupatia takriban lita 800, ukiondoa kiasi kinachopotea njiani. Weka gata, uyaache maji ya mwanzo yapite na vumbi na vinyesi vya ndege, halafu ulifunike pipa kwa wavu wenye matundu madogo ili mbu wasizaliane humo. Maji ya kufulia nayo usiyamwage, yapeleke bustanini.

Kivuli cha Mwisho:
Hapo mwisho natofautiana kidogo na Tone Moja. Sabuni nyingi za unga zina chumvi za sodiamu ambazo, zikirundikana, huugandisha udongo. Mimi hutumia maji ya kusuuzia tu, yasiyo na dawa ya kung'arisha nguo, siku hiyohiyo kabla hayajanuka, na huyamwaga chini ya miti. Mboga za kuliwa mbichi siyapi kamwe.

Kuhusu vidukari, tatizo ni kwamba jike huzaa bila kupandwa, na watoto wake huanza kuzaa baada ya siku chache. Dawa huwaua wao pamoja na maadui wao, lakini vidukari ndio wa kwanza kurudi. Acha kupiga dawa, waponde kwa vidole kwenye machipukizi, na uvumilie wachache wabaki, kwani bila wao wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaowala hawana cha kufuata. Ndege nao hulisha makinda yao viwavi, hata aina nyingi ambazo zikikua hula mbegu. Ningekuwa wewe, ningeng'oa nusu ya ukoka na kupanda maua ya asili ya eneo lako, niache mboga chache zichanue, na nibakize kipande cha udongo mtupu usiotifuliwa, maana nyuki wengi wasioishi mizingani huchimba viota vyao ardhini.

Jembe Butu:
Nashukuru sana. Nimechimba: unyevu umeishia sentimita tatu! Gata nitaliweka kabla ya mvua. Nina hofu moja tu, kwamba matandazo yataniletea konokono.

Mzizi Mrefu:
Huenda wakaja. Yasogeze mbali na miche hadi ikomae, na usimwagilie tena jioni, kwa sababu konokono hutembea usiku na hupenda pakiwa pamelowa. Ukimwona chura kwenye matandazo, mwache, kwani anakusaidia kuwala konokono.

Kivuli cha Mwisho:
Weka pia sahani ya maji yenye mawe yanayochomoza ili nyuki wanywe bila kuzama, na uyabadilishe kila baada ya siku mbili.