Ripoti ya mafanikio ya mwaka, shule ya wasichana: niiandae vipi?

Mwalimu_Eastlands aliuliza:

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Nimekabidhiwa ripoti ya mafanikio ya mwaka 2025 ya shule ya wasichana hapa Nairobi. Tuna mikondo minne, kutwa na bweni. Itasomwa siku ya tuzo mbele ya wazazi na Bodi ya Usimamizi, kisha zichapishwe nakala 400. Mkuu wa shule hataki kurasa zizidi 16.

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yananitatiza: wastani umeshuka kidogo, ilhali waliopata C+ kwenda juu wameongezeka. Nianze na lipi? Vikombe na vyeti vya vilabu navyo nivipange vipi? Halafu kuna picha kama 600 kwenye kundi la WhatsApp la walimu.

Takwimu_Tu alijibu:

Mwalimu, wastani usiufiche. Wazazi huwa wameshaujua kabla hawajaingia getini.

Kwanza hakikisha umeupiga sawasawa. A ni pointi 12, A- ni 11, unashuka moja moja hadi E yenye pointi 1. Jumlisha pointi za gredi ya jumla ya kila mtahiniwa, ugawe kwa idadi ya waliofanya mtihani. Kosa la kila mwaka ni kuchukua wastani wa kila mkondo, kuujumlisha, na kugawa kwa idadi ya mikondo. Chukua mfano wa mkondo wenye wasichana 48 na wastani wa 7.5, na mwingine wenye 36 na wastani wa 6.0. Ukigawa kwa mbili unapata 6.75. Hesabu ya kweli ni pointi 576 kwa wasichana 84, yaani 6.86. Afisa wa elimu mwenye kalamu atakukamata hapo hapo kwenye meza kuu. Waliosajiliwa wasifike, yaani wenye X, watajwe kando. Wasiingie kwenye kigawanyo.

Wastani kushuka huku C+ zikiongezeka ni jambo la kawaida darasa likikua. Tuseme mwaka juzi walikuwa 148, pointi 1,036, wastani 7.00, na waliopata C+ kwenda juu 81. Mwaka jana wakawa 176, pointi 1,214, wastani 6.90, na C+ kwenda juu 97. Kwa asilimia ni kutoka 54.7 hadi 55.1. Ukiandika "97 kutoka 81" peke yake unawapumbaza watu. Ongezeko karibu lote limetokana na darasa kuwa kubwa. Ukiandika "wastani umeshuka" peke yake unawaonea wasichana 97 ambao wamefikisha gredi ya kuingia chuo kikuu. Weka namba zote nne kwenye jedwali moja, na idadi ya watahiniwa iwe safu ya kwanza kabisa.

Ukichora grafu ya miaka mingi, piga mstari wa wima kati ya 2022 na 2023. Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutokana na hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo masomo ya lazima yalikuwa mengi zaidi. Shule ikijisifu kwamba iliruka pale 2023, sehemu ya mruko huo ni kanuni, si walimu.

Kuna jambo moja ambalo shule nyingi huliacha, nalo ndilo lenye uzito: walikotoka hawa wasichana. Wagawe kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walizoingia nazo: 350 kwenda juu, 300 hadi 349, 250 hadi 299, na chini ya 250. Toa wastani wa KCSE wa kila kundi, ulinganishe na kundi kama hilo la mwaka uliotangulia. Huenda ukakuta kundi la 250 hadi 299 limepanda na la juu limeshuka. Hiyo ni habari kamili, na bodi inaweza kuifanyia kazi. Angalia mtego: waliofanya KCSE 2025 walifanya KCPE ya 2021, iliyoandikwa Machi 2022 kwa sababu ya korona, wakaingia kidato cha kwanza Mei 2022. Ukichukua faili la KCPE 2022 unalinganisha watu wasiohusiana. Waliohamia kidato cha pili au cha tatu bila alama za kuingilia, waweke kando na useme ni wangapi.

Mlezi_wa_Vilabu alijibu:

Kwa vilabu, kila mstari uwe na vitu vinne: shindano, ngazi, nafasi, na idadi ya walioshindana. "Nafasi ya pili katika drama" haisemi kitu. Ya pili kati ya wawili au kati ya kumi na wawili? Katika mchezo wa kuigiza, ngoma ya kubuni au shairi la kukaririwa kwa pamoja? Katika kaunti ndogo au kitaifa?

Kwa Nairobi kuna la ziada. Kaunti yetu na eneo lililokuwa mkoa zina mipaka ile ile, kwa hiyo ubingwa mmoja usiandikwe mara mbili, mara "kaunti" mara "eneo". Wenzetu wa kaunti nyingine wana ngazi mbili hapo, sisi hatuna.

Tenga pia kikombe cha timu, tuzo ya mtu mmoja na cheti cha kushiriki. Vyeti vya kushiriki vikichanganywa na ushindi, orodha inakuwa ndefu na hakuna anayeiamini. Maonyesho ya sayansi na uhandisi: mradi ukiwa wa wasichana wawili, waandike wote wawili, na useme mradi wenyewe unafanya nini kwa sentensi moja. "Mashine ya kukausha mboga kwa jua" inaeleweka kuliko kutaja fani peke yake. Tuzo ya Rais, ule mpango wa vijana wenye ngazi tatu: andika walioandikishwa na waliomaliza, kwa shaba, fedha na dhahabu kila moja. Wengi huanza shaba na kuishia njiani, hasa kwenye safari ya nyikani, na ukitaja walioandikishwa tu umetaja wanaojaribu.

Ushauri_na_Nasaha alijibu:

Hii ni shule ya wasichana, na hapo juu sijaona neno kuhusu waliobaki darasani. Tafuta waliosajiliwa kidato cha kwanza 2022, ni wangapi walifika KCSE 2025 papo hapo shuleni, wangapi walihama na wangapi waliacha. NEMIS, mfumo wa wizara wa taarifa za wanafunzi, ina sehemu ya hayo, rejista ya darasa ina mengine; zikipingana, fuata rejista na barua za uhamisho.

Kama shule iliwarudisha wasichana waliojifungua, kwa mwongozo wa wizara wa 2020, hayo ni mafanikio. Lakini yatajwe kwa idadi tu, na idadi ikiwa moja au mbili yasichapishwe kabisa: shule nzima itajua ni nani. Yapelekwe kwenye ripoti ya bodi. Ni hivyo hivyo kwa wanaolipiwa karo na wafadhili. Usimsimamishe msichana jukwaani kama "mfadhiliwa wetu". Amekuja kuchukua tuzo ya kemia, apewe tuzo ya kemia.

Sodo: usiandike "zilitolewa" ukaishia hapo. Andika pakiti ngapi zilifika, muhula gani, na zilitosha miezi mingapi.

Mpangakurasa alijibu:

Picha. Zinazopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi upande mrefu uwe kama pikseli 1,600. Kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni sentimita 13.5 hivi, nusu ya ukurasa, basi. Usiitumie kwenye jalada. Mwombe aliyepiga aitume upya kama faili, si kama picha.

Ridhaa usiipuuze. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Fomu itenganishe mambo matatu: jarida la karatasi, tovuti, na mitandao ya kijamii. Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu.

Kurasa za kubanwa kwa pini katikati lazima zigawanyike kwa nne. Kumi na sita ni sawa, lakini muulize mchapishaji kama jalada limo: likiwa kando, unakuwa na 20. Karatasi ya gramu 130 ndani na 250 kwa jalada inatosha. Picha zinazofika ukingoni ziache ziada ya milimita 3 ya kukatwa. Mafundi wa River Road watakuharakisha uidhinishe kwenye skrini; dai nakala moja ya karatasi kwanza, uipitie pamoja na orodha ya KNEC, baraza la mitihani, jina kwa jina. Wanjiku akigeuzwa Wanjiru kwenye ukurasa wa tuzo, nakala 400 haziwezi kurudishwa.

Mwalimu_Eastlands:

Asanteni sana. Jambo moja limebaki: idadi ya wanafunzi 2025 imeshuka karibu robo. Mwenyekiti wa wazazi ameshaniuliza kama watu wanatukimbia.

Takwimu_Tu:

Hakuna aliyekimbia. Waliofanya KCPE ya mwisho 2023 waliingia kidato cha kwanza 2024, na Gredi ya 10 ya kwanza, darasa la kuanza sekondari katika mtaala mpya, imeanza Januari 2026. Kwa hiyo 2025 mlikuwa na kidato cha pili, cha tatu na cha nne tu. Linganisha kidato kwa kidato, wa pili wa 2025 na wa kwanza wa 2024, utajua kama kuna aliyeondoka. Maelezo hayo yaweke chini ya jedwali lenyewe, si ukurasa wa mwisho.