Tupeane uzoefu: kisiwani na watoto, ratiba anapanga bahari

Mama Watatu, Dodoma

Habari za jioni wapendwa. Tumerudi juzi kutoka Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Tulilala siku sita, mimi, baba yao na wanangu wa miaka 4, 7 na 11. Mabegi bado yana mchanga. Naandika mapema kwa sababu kabla ya safari nilitafuta mzazi wa kunielekeza nikaishia kupata bei za hoteli tu. Habari ya maji hakuna aliyenigusia.

Siku ya kwanza tulifika karibu saa tano asubuhi. Watoto walishavaa nguo za kuogelea ndani ya gari. Wakashuka mbio hadi ufukweni, wakasimama. Bahari hakuna. Mchanga, vidimbwi, majani ya baharini, na mawimbi kwa mbali kama uzi mweupe juu ya mwamba. Mdogo alilia kwa uchungu, akisema tumemdanganya. Mimi mwenyewe nilinyong'onyea, maana tulidunduliza hela ile mwaka mzima.

Akapita mama mmoja wa pale, anatoka kwenye mwani wake na furushi kichwani. Akasema, "Maji yamekupwa, mwanangu, alasiri yatarudi. Wavishe viatu uwapeleke wakatembee." Tukawavisha. Wapendwa, saa mbili zile ndizo wanazozisimulia mpaka leo. Waliona viti vya pweza vyekundu, majongoo bahari yamelala kama soseji, na kaa wadogo wanaobeba nyumba zao mgongoni. Wakaona mashamba ya mwani, vigingi na kamba kwa safu, na yule mama akawaonyesha namna ya kufunga kipande cha mwani kwenye kamba. Akatueleza pia ya makumbi ya nazi: yanafukiwa mchangani yakae miezi, kisha yanafukuliwa, yanapondwa, zinasokotwa kamba. Mkubwa wangu aliruhusiwa kuponda. Alirudi mikono inanuka vibaya na hataki kunawa.

Sasa hili la maji, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, ni bamvua: maji yanatoka mbali sana na yanajaa sana. Kwa Unguja, siku hizo yanakupwa mnamo saa nne au tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ratiba ya Jumatatu haifai Alhamisi. Ikifika wiki ya maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, asubuhi unaogelea na alasiri unatembea. Sisi tulifika na mwezi mpevu, na kufikia siku ya nne tulishahamisha chakula cha mchana kufuata bahari. Wa miaka 7 alikuwa anachomeka kijiti mchangani, anakaa chini ya mnazi kusubiri maji yakifikie.

Mawili ya usalama. Viatu vifunike vidole, maana kuna vile vidude vyeusi vyenye miiba mirefu kama ya nungunungu, na mwiba wake ukivunjikia mguuni ni usiku wa kilio. Na geukeni kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Yale maji hayaji kwa mbele tu, yanapita kwenye mifereji na kujaa nyuma yenu, na kwa mtoto wa miaka 4 maji ya gotini kwako ni ya kifuani kwake. Mtafuteni mwenyeji awaongoze, na msikanyage kamba za mwani, ni riziki ya watu.

Nanyi mliokwenda na watoto, kisiwa chochote, tupeni yenu.

Mama Nuru, Mwanza

Asante dada. Mimi mwanangu ana ualbino, ana miaka 9, na kwa muda mrefu niliamini ufukwe si mahali petu. Mwaka jana tulikwenda Unguja siku tano, tukapanga siku kwa jua kama ninyi mlivyopanga kwa maji.

Baharini tulikwenda alfajiri, tukatoka kabla ya saa mbili na nusu. Kisha tena baada ya saa kumi na moja. Shati la mikono mirefu, kofia pana, miwani, na mafuta ya kuzuia jua ambayo nampaka upya kila akitoka majini, hata akilalamika.

Saa za jua kali ndizo zilinipa mawazo, na ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote. Tulikwenda msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka. Chini ya ile miti ni kivuli tupu. Kima punju wa pale asili yao ni Unguja peke yake, hawana habari na watu, wanaruka juu ya kichwa chako na watoto wao kifuani. Muongozaji alituambia tusiwasogelee wala tusiwape chakula. Akasimulia kwamba wanakula mkaa wa watu kwa sababu baadhi ya majani wanayokula yana sumu, na mkaa unawasaidia tumboni. Mwanangu amelisimulia hilo darasani mpaka mwalimu akanipigia kuuliza kama ni kweli.

Pale pale karibu kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, napo kivuli. Na kijijini Pete, mwendo mfupi kutoka Jozani, kuna nyumba ya vipepeo iliyozungushiwa wavu. Alikaa saa nzima na kipepeo begani.

Jioni, bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe. Jua limekwisha, nimemvua kofia, anakimbia kama watoto wenzake. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, mishikaki inafuka moshi, na mzee wa juisi ya miwa akamwita "njoo mwanangu" akamwachia azungushe gurudumu la mashine. Nilikwenda nimejiandaa kwa macho ya watu. Nikajikuta nimekaa na bakuli la urojo, simwangalii mtu, namwangalia yeye tu.

Baba Pacha

Sisi tulivuka kwenda kisiwa cha Changuu na pacha wetu wa miaka 6. Kutoka Mji Mkongwe ni kama nusu saa kwa boti. Kuna kobe wakubwa; wanne wa mwanzo walitoka Ushelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko, na walioko sasa miaka yao imeandikwa kwa rangi kwenye magamba. Watoto wanaosoma namba wanafurahi sana: anakwenda kwa mmoja mmoja anasoma, anatoa umri wa babu yake. Waelezeni mapema kwamba kobe hapandwi wala haketiwi, anapewa majani na kukunwa shingo taratibu. Jengo la jela la pale kisiwani lilijengwa 1893 lakini likaishia kuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa. Pacha wangu mmoja aliuliza wafungwa walikwenda wapi, nikafurahi kuwa na jibu la kweli.

Ila nataka kusema hili kwa uzito. Boti ya kwanza tuliyopatana haikuwa na makoti ya kujiokolea ya watoto. Nahodha alinipa ya watu wazima, nikamvalisha binti, likampita kichwani. Akaniambia bahari ni shwari, nisiogope. Nilimshukuru, nikashusha watoto. Tulipoteza saa nzima kutafuta nyingine, mke wangu akaniunga mkono, watoto wakanuna. Tuliporudi jioni upepo ulikuwa umebadilika na maji yanaruka ndani. Valisheni watoto koti mkiwa bado nchi kavu, fungeni mikanda, mnyanyueni mtoto kwa mabega ya koti. Likimtoka, si lake.

Kijana wa Temeke

Wakuu, nina swali. Boti ya kutoka Dar wanangu wataiweza? Mkubwa anatapika hata kwenye basi la Morogoro.

Mama wa Bububu

Mwanangu, mimi navuka kila mwezi na wajukuu. Panda ya asubuhi, bahari huwa imetulia kuliko alasiri. Kaeni chini, katikati kuelekea nyuma, msipande juu mbele kwa sababu ya kuona. Asile chapati na chai ya maziwa, mpe mkate mkavu na kipande cha tangawizi atafune. Aangalie nje kwa mbali, simu iwekwe. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa kusi unavuma, hapo bahari kati ya Dar na Unguja ni nzito. Beba mifuko na kanga ya ziada. Na kitambulisho chako usikisahau, bandarini Malindi utaulizwa.

Bint Chake, Muscat

Naona wote Unguja. Pemba jamani! Mimi nimezaliwa Chake Chake, watoto wangu wamezaliwa huku Oman, na kila baada ya miaka miwili nawarudisha kwa bibi yao. (Wenye watoto wa pasi za nje, kumbukeni tangu Oktoba 2024 mgeni anakata bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima.)

Wapelekeni Kidike mkaone popo. Si popo wadogo wa darini, ni popo wakubwa wa Pemba, uso kama wa mbweha, mabawa yakikunjuka ni kama mwavuli, na duniani kote wako Pemba tu. Zamani waliwindwa sana mpaka wakakaribia kwisha. Wanakijiji wenyewe wakasimama kuwalinda. Nendeni jioni wakati wanaamka kwenda kula. Mwanangu wa kiume, ambaye kwa kawaida haachi simu, alilala chali kwenye mkeka akihesabu mpaka giza likamzidi.

Kisha asubuhi karafuu. Msimu ukiwepo wape watoto kazi ya kuchambua vikonyo na bibi barazani. Mikono yao ilinuka karafuu mpaka tumefika uwanja wa ndege, na binti yangu alikataa kunawa kama yule wa makumbi.

Baba Rehema, Mtwara

Kwa wenye watoto wakubwa, Mafia. Wangu wana miaka 13 na 15. Tulipita Nyamisati, tukavuka kwa boti hadi Kilindoni. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote, mwenye madoa meupe mgongoni, na chakula chake ni vijidudu vya majini. Binti yangu alisitasita pembeni mwa mashua dakika kumi nzima. Sikumsukuma. Baadaye akaingia mwenyewe, miwani usoni, na samaki akapita chini yake polepole kama basi. Alipotoka hakusema kitu mpaka tumefika nchi kavu.

Tulikubaliana kabla: hakuna kugusa, hakuna kumkatia njia. Mkimwona nahodha anamfukuzia samaki kwa injini, mwambieni asimame. Mteja ndiye mwenye nguvu hapo.

Kijana wa Temeke

Mama wa Bububu, asante sana, tangawizi nimeiandika. Tunakwenda Desemba, wangu ni miaka 2 na 8. Mdogo haelewi habari ya kusubiri maji. Nianzie wapi?

Mama Watatu, Dodoma

Kaka, kwa wa miaka 2 anzia kaskazini, Kendwa au Nungwi. Kule maji hayatoki mbali, ukitaka kuoga unaoga karibu muda wowote, na mchanga ni laini. Nungwi kuna bwawa la asili la Mnarani wanapotunza kasa, mwenye 8 atalipenda. Kisha siku mbili za mwisho shukeni Jambiani au Paje kwa ajili ya mkubwa. Kwa gharama, daladala za Nungwi ni namba 116, za Jambiani ni 309. Zinajaa, lakini watoto wangu walizipenda kuliko teksi.

Nje ya ufukwe, kijijini, jifunikeni. Nilifunga kanga juu ya nguo ya kuogelea na tulipokelewa vizuri kila tulipopita.

Na kabla hujalipia chochote, fungua kalenda uangalie mwezi utakuwa mpevu lini. Zile siku mbili za Jambiani zipange hapo, mfike kabla ya saa nne asubuhi, na mnunulie mkubwa kijiti.

Kijana wa Temeke

Kijiti cha nini dada?

Mama Watatu, Dodoma

Cha kuchomeka mchangani. Samahani, nilisema anunuliwe, ataokota pale pale. Wa kwangu amekuja nacho Dodoma, kiko nyuma ya mlango.