Safari ya siku 6, maeneo 9: hii ratiba inatembeleka kweli au ni mbio za mwenge?

KipepeoMzito

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisaidie kabla sijatuma advansi maana nikishatuma hairudi, wameandika hivyo kwa maandishi madogo kule chini kabisa.

Tuko wanne, mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka 11 na mama mkwe ana 69, magoti yanamsumbua lakini ukimwambia abaki nyumbani anakasirika. Mi napenda magofu na mambo ya kale, mume anapenda wanyama na milima, kwa hiyo tukasema tutafute safari moja inayochanganya hifadhi na sehemu za kihistoria. Kuna kampuni (siitaji, na nchi pia siitaji, bado sijajua kama kosa ni lao au langu) wametuletea ratiba ya siku 6 ina maeneo 9. Tisa! Hifadhi tatu, magofu manne, makumbusho mawili. Kila siku imeandikwa "kuondoka alfajiri" na kila usiku tunalala hoteli nyingine. Nikamuuliza dada wa ofisini mbona pamejaa hivi, akasema wateja wanapenda kuona vingi, na picha alizonitumia ni nzuri kweli nisiwadanganye.

Mlioshafanya safari za siku kadhaa za aina hii, hii inawezekana? Mngepunguza nini? Na mama nimfanyeje maana kumwacha siwezi.

NunduYaNgamia

Dada usitume hela kwanza. Achana na kuhesabu maeneo, hesabu usiku. Siku 6 ni usiku 5, halafu siku ya kwanza mnafika mmechoka na ya mwisho mnafungasha, kwa hiyo siku za kutembea ni 4 tu. Maeneo 9 kwa siku 4 na kila siku unahama hoteli, hapo mtakuwa mnaona viti vya gari.

Ramani ya simu itakuambia masaa mawili ila ndani ya hifadhi haiendi hivyo. Serengeti kwa mfano mwisho wa spidi ni kilomita 50 kwa saa, na tembo akisimama barabarani mnamsubiri mpaka aamue mwenyewe. Na magari yanatakiwa yawe yametoka kreta ya Ngorongoro saa 12 jioni, kule chini ni kama mita 600 kutoka ukingoni, barabara ya kushukia na ya kupandia ni tofauti, yaani huwezi kusema ngoja nichomoke fasta.

Mi nilifanyiwa kitu kama hicho huko huko Ngorongoro. Walituwekea kreta asubuhi, Olduvai mchana, halafu jioni tuwe tumeshafika kambi ya Serengeti. Olduvai tulikaa dakika 25! Pale ndo mtafiti Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus, yule jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959, mwaka huo huo eneo la hifadhi ya Ngorongoro likaanzishwa, unasimama juu ya korongo unaona matabaka ya udongo kama keki iliyokatwa, mi nataka kuuliza maswali, dereva yuko nyuma anatikisa funguo. Nilirudi nyumbani nina picha 400 na sikumbuki hata ile ya fuvu niliipiga wapi.

Kingine, uliza kila sehemu ni NINI hasa mtakiona. Kwenye ratiba yetu waliandika "nyayo za Laetoli", zile za watu wa kale wa miaka milioni 3.6, kumbe nyayo zenyewe zimefukiwa ili zisiharibike na unachoonyeshwa ni nakala makumbusho. Hakuna ubaya, ni sahihi kabisa kuzifukia, ila waseme. Lascaux kule Ufaransa, pango lenye michoro ya kale, pango halisi limefungwa kwa watalii toka 1963 na watu bado wanadhani wanaingia humo humo.

Mchanga_Mwekundu

Nakubaliana na Nundu. Mi niongelee magoti ya mama maana mama yangu nilienda naye Petra, ule mji wa kale uliochongwa kwenye miamba kule Jordan.

Watu wanaona picha ya lile jengo la Hazina wanadhani unashuka kwenye gari umefika. Ukitoka getini unatembea kwanza, ndo uanze Siq ambayo ni ufa kwenye mwamba wa kama kilomita 1.2, ndo Hazina ikutokee, na hapo hujaanza bado, mji wenyewe uko mbele. Ukitaka kufika Ad Deir, jengo jingine la kuchongwa huko juu, kuna ngazi zaidi ya 800 zilizochongwa kwenye jiwe. Na kwenda ni mteremko!! Kurudi ndo kilio, maana umechoka na jua limekuwa kali na sasa unapanda. Mama alikwenda vizuri mpaka Hazina akiwa anaimba, kurudi tulikaa kila baada ya hatua kumi.

Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa na tiketi ya siku mbili (wanauza za siku moja, mbili au tatu). Siku ya kwanza wote tukaenda mpaka Hazina tukarudi taratibu, siku ya pili mi na mdogo wangu tukatoka alfajiri peke yetu tukapanda Ad Deir, mama akalala mpaka saa nne. Hakuna aliyemnunia mwenzake. Baada ya hapo tukaenda jangwa la Wadi Rum, ni kama masaa mawili kwa gari, na kule mama akawa malkia kwa sababu jangwa unalizunguka umekaa nyuma ya pikapu, milima na michoro ya kale ya miambani inakufuata wewe.

Ndo maana mi naanza na magofu, miguu ikiwa bado mizima, halafu hifadhi inakuja baadaye kama mapumziko maana huko mara nyingi uko ndani ya gari. Ukigeuza, unafika kwenye ngazi 800 una siku nne za kurushwarushwa barabara mbovu mgongoni.

Mzee_wa_Fasta

Mi napingana na nyie kidogo. Mnamtisha dada wa watu. Nilienda Angkor kule Kambodia nikaona mahekalu zaidi ya kumi kwa siku tatu na nilienjoi. Kuna watu likizo tunapata mara moja kwa miaka minne, ukiniambia nikae sehemu moja siku mbili nitazame ukuta nitapata wazimu.

Namba 9 peke yake haina shida, shida ni umbali kati ya hizo 9. Angkor eneo zima la hifadhi ni kilomita za mraba kama 400 na yote yapo humo humo, unalala mji mmoja siku zote, begi linabaki chumbani. Tiketi ya siku tatu sio lazima uitumie mfululizo, unapewa siku 10 za kuimaliza, kwa hiyo ukichoka unapumzika katikati. Dada cheki hayo magofu yako manne, kama yako pamoja ni nusu siku tu, kama kila moja liko mkoa wake basi kweli umepigwa.

Halafu kitu kidogo, mvae nguo za kufunika mabega na magoti sehemu za ibada hata kama zina miaka 900, kuna jamaa tuliongozana naye alirudishwa ngazini kwenye lile hekalu kubwa la Angkor Wat kwa sababu ya bukta, akakaa chini anatulindia mabegi.

KipepeoMzito

Jamani asanteni. Nimefanya mlivyosema, nikakaa na mume na ramani jana usiku tukajumlisha masaa ya barabarani. Thelathini na moja. Kwa siku sita! Na hapo hatujaweka tembo.

Nikampigia yule dada, nikamuuliza hifadhi ya tatu tunakaa muda gani akasema "ile mnapita tu", makumbusho moja ni "kwa nje". Yaani kwenye maeneo 9 mawili tunayaona dirishani. Mume kacheka mpaka kalia.

@Mzee_wa_Fasta magofu mawili yako pamoja kabisa, hayo mengine mawili kila moja liko upande wake. Na nilisahau kusema, kuna sehemu ya milimani ambako mume anataka kutembea kwa miguu siku mbili. Mama hawezi, mtoto sijui.

Kilele_Polepole

Hapo kwenye milima usiende kichwa kichwa, angalia mnalala mwinuko wa mita ngapi kila usiku. Ukishapita mita 3,000 inashauriwa usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kupanda juu mchana ukarudi kulala chini haina neno sana, ni kulala ndo kunakuumbua. Mtoto wa miaka 11 anaweza kutembea vizuri tu ila akianza kulalamika kichwa na kutapika usimwambie ajikaze, mshushe.

Mi nilifanya njia ya Inka kule Peru, ile ya kutembea siku 4 kwenda magofu ya Machu Picchu. Watu wanaogopa Machu Picchu kumbe yenyewe ni kama mita 2,430 tu, mji wa Cusco unapofikia ndo mita 3,400 na njiani kuna sehemu ya kuvuka mlima inapita mita 4,200. Kwa hiyo wenye akili wanatua Cusco wanashuka siku hiyo hiyo kulala bondeni, wanazoea, ndo wanaanza.

Na kuhusu mama, sisi tuligawanyika. Wenye miguu tulitembea, wazazi wakaja na treni mpaka chini ya mlima halafu basi likawapandisha, tukakutana juu pale pale magofuni. Mama yangu alikuwa msafi amenukia, sisi tulikuwa tunanuka kama mabeberu, na ndo picha bora ya familia tuliyonayo. Sehemu nyingi za kihistoria zina njia ya nyuma ya gari ambayo ratiba haiiandiki, uliza.

Ila vibali wahi. Ile njia wanaruhusu watu 500 tu kwa siku na humo wamo wapagazi na waongozaji, kwa hiyo watalii wenyewe ni kama 200, na mwezi wa pili inafungwa kabisa kwa matengenezo. Kama mlima wenu una kibali cha namna hiyo basi tarehe ya kibali ndo inayopanga safari yote, sio hoteli. Anza na kibali kwanza, mengine yanafuata.

MajiKupwa

Mi nachangia moja tu, kama kuna sehemu ya kuvuka kwa boti uliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Kilwa Kisiwani tulienda vizuri, tukaona Msikiti Mkuu, jumba la kale la Husuni Kubwa, yule msafiri Ibn Battuta alifika pale 1331 na akausifu mji. Ila kisiwa cha Songo Mnara tulifika maji yameshatoka, boti ikaishia mbali, tukashuka tukatembea kwenye matope ya mikoko viatu mkononi. Bibi mmoja kwenye kundi ilibidi abebwe, na hakufurahi kubebwa. Bahari haisomi ratiba ya mtu.

KipepeoMzito

Marejesho wakuu. Tumekata hifadhi mbili na gofu moja la mbali, makumbusho ya "kwa nje" tumeifuta. Tumebaki na maeneo matano, hoteli mbili tu. Usiku mitatu karibu na magofu mwanzoni, usiku miwili hifadhini. Mume na mtoto wanatembea mlimani siku moja sio mbili, mi na mama tunazungukia na gari tunakutana juu. Mama ameulizia kama huko juu kuna kiti, nimeambiwa lipo benchi.

Dada wa ofisini hakufurahi ila amekubali kuandika upya, na nimemwambia aandike masaa ya barabarani kila siku pembeni. Kasema hajawahi kuombwa hivyo.

NunduYaNgamia

Safi sana. Sasa muulize na dereva ni mmoja au wawili, na analala wapi hizo siku mnazotoka alfajiri. Wa kwetu alikuwa analala kwenye gari.

KipepeoMzito

Duh. Hilo sikuwaza kabisa. Kesho asubuhi nampigia.