Ruzuku ya miezi 12 haiwezi kufuatilia fedha ya kijiji, na asasi kiongozi wanaficha bajeti

Wanajukwaa, salaam kutoka Rujewa, Mbarali.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu namna ruzuku za utawala bora na uwajibikaji zinavyotolewa inawaumiza wananchi wale wale wanaotajwa katika kila andiko la mradi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukagua hesabu zake, humkabidhi Rais ripoti ifikapo Machi 31 ya mwaka unaofuata, na ripoti hiyo huwasilishwa bungeni Aprili. Kwa hiyo fedha ya zahanati iliyoanza kutumika Julai, hoja yake ya ukaguzi huja kujulikana hadharani baada ya takribani miezi 21. Mkataba wetu wa ruzuku ya kufuatilia fedha kama hiyo ulikuwa wa miezi 12, na robo nzima ya kwanza iliishia kusubiri awamu ya kwanza ya fedha kuingia benki. Aliyepanga muda huo alitarajia tufuatilie nini?

Kamati yetu ya ufuatiliaji, ambayo ina mwalimu mstaafu, wakulima wa mpunga na mhudumu wa afya wa kijiji, ilisoma taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Taarifa ilisema saruji ya zahanati imenunuliwa yote. Tulipokwenda eneo la ujenzi, kuta zilikuwa zimeishia usawa wa madirisha, na stoo ilibaki mifuko michache iliyoganda kwa unyevu. Suala hilo lilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji akaahidi kuleta stakabadhi katika mkutano unaofuata. Kabla ya mkutano huo mradi ukafungwa, nauli ikakatwa, na tukaagizwa kuhamishia nguvu kwenye semina ya kufunga mradi, hotelini Mbeya mjini. Waliosimama mbele ya watu kuuliza habari ya saruji wamebaki peke yao na mtendaji yule yule ambaye kesho watamwomba barua ya utambulisho.

Wapo watakaosema tuombe moja kwa moja kwa wafadhili. Mfuko wa Demokrasia wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 2005, hupokea maombi kwa Kiingereza au Kifaransa tu. Kikundi ambacho mihutasari yake yote ni ya Kiswahili hulazimika kujibanza nyuma ya asasi kubwa ya Dar es Salaam, ambayo huandika andiko, hupokea fedha, kisha hutugawia kiasi inachoona kinatosha.

Hapo ndipo penye dhuluma kubwa zaidi. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka asasi itangaze hadharani fedha inayozidi shilingi milioni 20, na sisi tumedaiwa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) hata kwa maji ya kunywa ya kikao, lakini asasi iliyotuongoza haijawahi kutuonyesha bajeti kamili ya mradi unaobeba jina la wilaya yetu. Tumeandika barua; tumejibiwa kwamba hiyo ni siri kati yao na mfadhili. Siri, katika mradi wa uwazi!

Tangu Marekani isitishe misaada Januari 2025 na USAID kufungwa Julai mwaka huo, tunaambiwa tushukuru kwa kinachopatikana. Sikubali. Fedha ikipungua ndiyo sababu ya kuifanya ikae kijijini muda mrefu zaidi, hata kama ni kidogo, badala ya kuimaliza kwenye kumbi za hoteli.

Walioko Kilolo, Makete na Mbozi, kama mmewahi kupata mkataba unaovuka mzunguko mzima wa bajeti hadi ukaguzi, elezeni masharti yake hapa. Kwa upande wetu, tumeletewa taarifa ya mwisho ya mradi tuisaini, na ule mkutano wa kijiji kuhusu zahanati umeandikwa humo kama mafanikio. Hatutasaini mpaka bajeti kamili iletwe Rujewa na kusomwa mbele ya kamati.