Mbona mama kwenye picha katulia tu kila siku?

mama_zuu: Habarini wakuu. Nimekaa naangalia picha za mama na mtoto, za kanisani, za kwenye kalenda, mpaka vinyago vya pale Mwenge, karibu zote mama katulia, kainamisha kichwa, mtoto ananyonya basi. Sie tuliozaa tunajua kuna usiku mnalia wote wawili. Hakuna msanii aliyeonyesha upande huo? Nauliza kwa moyo kabisa maana inauma kujiona haupo.

fundi_brashi: Wapo dada. Mtafute Käthe Kollwitz, Mjerumani. 1903 alitoa picha ya mama kakaa chini uchi kamng'ang'ania mtoto aliyekufa, uso kauzamisha kifuani kwa mtoto. Alijichora mwenyewe mbele ya kioo huku kampakata mwanae Peter, wakati huo ana miaka 7. Sasa 1914 huyohuyo Peter akaenda vitani akauawa Ubelgiji, ana miaka 18 tu! Baadae sana, 1937 hadi 1938, akatengeneza sanamu ya mama mzee na maiti ya mwanae katikati ya magoti, nakala yake kubwa iko Berlin pale Neue Wache, jengo la kumbukumbu ya waliokufa vitani, tangu 1993.

mtoto_wa_newala: Tusiende mbali jamani, Wamakonde wana kinyago cha kiwiliwili, matiti na tumbo la mimba na chale zake, mchezaji anajifunga kifuani. Na anayekivaa ni mwanaume, anacheza uzito wa mimba na uchungu wa kuzaa mbele ya watu wote. Kile ukikiona kabatini makumbusho umeona nusu tu, kinataka ngoma.

bi_rangi: Mi utulivu siukatai moja kwa moja. Angalia Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa, picha yake ya 1893 mtoto anaoshwa miguu kwenye beseni. Mama katulia ndio ila yuko kazini, mkono mmoja kamshika mtoto kiunoni asidondoke, mwingine uko majini. Hiyo ni kazi ya kila siku na nani anaichora? Na Cassatt mwenyewe hakuwahi kuzaa.

mama_zuu: Asanteni sana, ya Kollwitz nimeitafuta nimeshindwa kuiangalia mara mbili. Ila wawili mliowataja kwa majina ni wanawake wa Ulaya na Marekani. Wachoraji wanawake wa huku kwetu waliogusa uzazi ni kina nani? Nitajieni nianze kuwatafuta.