Gari linavuta kushoto, alaimenti imepimwa mara mbili na bado

mwendo_pole

Wakuu, salaam. Gari ni saluni ndogo, injini inazungusha matairi ya mbele, diski mbele na dramu nyuma. Linavuta kushoto. Kwenye 40 kwa saa halisumbui, ila kuanzia 70 lazima nishikilie usukani kuelekea kulia muda wote. Usukani hautetemeki. Asubuhi linavuta kidogo, baada ya nusu saa ya safari linavuta zaidi. Nikikanyaga breki sioni tofauti kubwa.

Mwezi uliopita nilifunga matairi mawili mapya mbele, kisha nikapima alaimenti (pembe za matairi) mara mbili. Karatasi ya mwisho inasoma hivi: kemba (tairi kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele) kushoto −0°10′, kulia −0°35′. Kasta (mhimili wa kugeuzia tairi kulala nyuma au mbele ukilitazama kwa ubavu) kushoto 2°50′, kulia 3°05′. Toini (matairi kuelekeana kwa mbele) sifuri. Vyote vimeandikwa kwa kijani, yaani viko ndani ya kipimo. Fundi ameshauri nibadilishe raki ya stelingi (chombo kinachogeuza matairi usukani ukizungushwa). Kabla sijanunua, nianzie wapi?

spana_kumi

Mkuu, raki iache kwanza. Raki iliyochoka huleta mchezo kwenye usukani, hugonga kwenye mashimo na gari hutangatanga pande zote mbili. Kuvuta upande mmoja tu si tabia yake. Isipokuwa kama ni pawa stelingi ya mafuta na valvu yake ina hitilafu, na hilo linapimika bure: inua matairi yote mawili ya mbele, weka stendi, washa injini, acha usukani. Ukigeuka wenyewe, hapo zungumzia raki.

Sentensi yako iliyonishtua ni ile ya kuvuta zaidi baada ya nusu saa. Alaimenti haijui kama gari limepata joto. Breki inayoshika inajua. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ikishindwa kuachia, pedi husugua diski, joto hupanda, mafuta ya breki hutanuka, na pedi hubana zaidi.

Ila anza na upepo, matairi yakiwa ya baridi, yaani gari limelala. Tumia geji moja kwa matairi yote manne na fuata kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi, maana hiyo ni kikomo cha tairi. Gari huvuta kuelekea tairi lenye upepo mdogo.

Kisha fanya hivi. Endesha kilomita 10 hadi 15 kwenye njia iliyo wazi, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Simama taratibu kwa kuacha gari lipoteze mwendo, mguu wa breki uwe wa mwisho kabisa. Shuka upime joto la diski zote mbili za mbele kwa kipimajoto cha mwanga, ukilenga sehemu ileile kila upande. Usipokuwa nacho, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Diski ambazo hazijatumika zinatakiwa zikaribiane joto. Usisahau dramu za nyuma, hendibreki iliyong'ang'ania upande mmoja nayo huvuta.

kona_kali

Naunga mkono. Mimi naongezea matairi, kwa sababu umefunga mapya na hujasema kama kuvuta kulianza kabla au baada.

Tairi la radial lina mikanda ya chuma chini ya kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara). Mikanda hiyo ikikaa kando kidogo ya katikati, upande mmoja wa tairi unakuwa mgumu kuliko mwingine na tairi linatembea kama lina umbo la koni. Laza kikombe cha plastiki mezani, kile chenye kitako chembamba, kisha kisukume. Hakiendi mbele, kinakata kona kuelekea kitakoni. Tairi la hivyo hufanya vivyo hivyo, na kwa macho linaonekana zima kabisa. Hata kwenye mashine ya balansi halitaonyesha kosa.

Kipimo chake: badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, halafu rudia njia ileile kwa mwendo uleule.
- Likianza kuvuta kulia, ni tairi.
- Likiendelea kushoto kwa nguvu ileile, matairi hayana kosa, rudi kwenye breki na pembe.

Angalia ubavuni kwanza. Kama kuna mshale wa mwelekeo, usivukishe, badala yake badilishana la mbele na la nyuma upande uleule.

Na barabara yenyewe usiiamini. Lami hujengwa ikiwa imeinama kuelekea ukingoni ili maji yatiririke, kwa hiyo gari zima linalopita upande wa kushoto litaelea kushoto polepole. Tafuta sehemu tambarare uipite kwenda na kurudi. Kama barabara ina njia mbili za kwenda upande mmoja, jaribu zote. Legeza vidole bila kuondoa mikono kwenye usukani, uhesabu sekunde gari linazochukua kufika kwenye mstari. Hizo sekunde ziandike. Ndizo utakazolinganisha baada ya kila unachobadilisha, la sivyo utaanza kubahatisha.

mwendo_pole

Asanteni sana. Upepo ulikuwa sawa pande zote. Nimekwenda kilomita 12 bila kushika breki: diski ya mbele kushoto nyuzi 141, kulia nyuzi 58. Nyuma zote zinakaribiana. Nimeinua tairi la kushoto, linazunguka kwa shida. Ninunue kalipa?

spana_kumi

Bado. Joto limekwambia ni wapi, halijakwambia ni nini. Vitu vitatu vinaweza kushikilia pedi: pini za kalipa zimekauka, pistoni ina kutu, au presha ya mafuta imenaswa ndani na hairudi. Vitenganishe hivi, gari likiwa kwenye stendi na tairi la nyuma limewekewa kigingi:

Kanyaga breki mara tatu nne, achia, jaribu kuzungusha tairi. Likiwa limeshika, vesha mpira mwembamba kwenye nipeli ya kutolea upepo, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo, kisha legeza nipeli nusu mzunguko. Mafuta yakiruka na tairi likaachia hapo hapo, kalipa yako haina shida. Presha ilinaswa. Mafuta yasipotoka kwa nguvu na tairi likabaki limeshika, basi ni pistoni au pini.

Kama ni presha, funga nipeli, kanyaga tena breki mpaka lishike, na safari hii legeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na hozi, ule mpira unaoshuka kwenye kalipa. Lisipoachia hapo lakini ukifungua nipeli linaachia, hozi imevimba ndani. Likiachia kwenye bomba, tatizo liko juu zaidi, kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki) au ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki). Ila masta silinda kwa kawaida hushikisha tairi zaidi ya moja. Kwenye magari mengi ya aina hii mfumo umegawanywa kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia viko pamoja, na wewe umesema nyuma ziko sawa.

Hozi huwa inadanganya watu wengi kwa sababu nje inang'aa. Ndani, ngozi ya mpira inachanika na kuwa kama kilango kinachofunguka upande mmoja. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Mara nyingi hozi huharibiwa siku ya kubadilisha pedi, kalipa ikiachwa inaning'inia kwenye mpira. Ifunge kwa waya kwenye springi, kila mara.

Tazama na pedi. Pedi ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje, pini hazitelezi. Zote mbili zikiwa zimeisha sawasawa lakini nyembamba kuliko za upande wa pili, ni presha au pistoni. Pini hupakwa grisi ya silikoni ya breki. Ile grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira wa pini, na baada ya muda mfupi unarudi ulipoanzia. Pini mbili za kalipa moja zinaweza kutofautiana, moja ikawa na kipande cha mpira mwishoni, basi usizibadilishane.

nyuzi_mbili

Wakati unashughulika na breki, naomba niseme juu ya ile karatasi, maana rangi ya kijani inapoteza watu.

Toini ya mbele haivuti gari. Ikikosewa, matairi yote mawili yanagawana kosa, gari linaenda moja kwa moja usukani ukiwa umepinda na kashata zinaliwa. Kinachovuta ni tofauti ya kemba na kasta kati ya kushoto na kulia. Gari huvuta kuelekea upande ambao kemba yake imeegemea zaidi kwenye chanya, na kuelekea upande wenye kasta ndogo. Kwako, kushoto ni −0°10′ dhidi ya −0°35′, kwa hiyo kemba inavuta kushoto kwa tofauti ya dakika 25 (hizi ni dakika za pembe, 60 ni nyuzi moja). Kasta ya kushoto ni ndogo kwa dakika 15, nayo inavuta kushoto. Kila moja peke yake iko chini ya dakika 30 ambazo wengi huzichukulia kuwa mpaka, ndiyo maana mashine haikulalamika. Lakini zote zinasukuma upande mmoja.

Kabla ya kukunja chochote, pima urefu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Springi iliyovunjika ncha hubadilisha kemba bila kelele. Halafu tazama sabfremu, ile fremu ndogo ya chini inayoshikilia mikono ya matairi ya mbele. Kemba ikiwa imezidi upande mmoja na kupungua upande wa pili, huenda sabfremu ilirudishwa ikiwa imesogea pembeni baada ya gia boksi au klachi kushushwa. Hulegezwa boliti zake, inarudishwa katikati, inakazwa, ndipo alaimenti inapimwa upya.

Bushi (mpira wa kiungo) ya nyuma ya wishiboni ya chini, yaani mkono unaoshikilia tairi, nayo ikague kwa mtaimbo. Ikichanika, tairi hurudi nyuma ukikanyaga breki na kasta inabadilika papo hapo. Hiyo huvuta wakati wa breki tu, na kwa kawaida hugonga.

mwendo_pole

Mrejesho. Nipeli ilipofunguliwa mafuta yaliruka na tairi likaachia. Nati ya bomba ilipolegezwa halikuachia. Nimebadilisha hozi zote mbili za mbele na kutoa upepo. Kilomita 12 zilezile: kushoto 62, kulia 59. Urefu wa bodi uko sawa.

Limepungua sana kuvuta ila halijaisha. Awali lilifika mstari kwa sekunde 3, sasa ni 6. Nikavukisha matairi ya mbele, sasa linavuta kulia, sekunde 9.

nyuzi_mbili

Hesabu imekubali. Tairi lilikuwa linavuta kushoto likisaidiwa na pembe zako, sasa linavuta kulia likipingana nazo, ndiyo maana kulia ni dhaifu zaidi. Malizana na tairi kwanza. Sabfremu ni ya baadaye, na huenda usiihitaji.

kona_kali

Kujua ni lipi kati ya mawili: chukua lililopo mbele kushoto sasa hivi, libadilishane na la nyuma kushoto, ujaribu. Kuvuta kulia kukiisha, ni hilo. Kusipoisha, lirudishe na ufanye hivyo upande wa kulia. Tairi la umbo la koni likiwa nyuma kwa kawaida halisikiki kwenye usukani, kwa hiyo unaweza kulitumia huko mpaka liishe, mradi saizi ya yote manne ni moja. Kaza nati kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeshuka chini, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Magari mengi madogo yenye nati za milimita 12 yako kati ya Nm 100 na 110 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

spana_kumi

Na zile pedi za kushoto usizirudishe kama zimeng'aa kama kioo au zimepasuka kingo, zimeungua. Badilisha seti nzima ya mbele, pande zote mbili. Kagua pia mpira wa vumbi wa pistoni, na uzungushe tairi la kushoto ukiwa umeshika springi kwa mkono wa pili. Ukihisi mchakarisho kwenye springi, beringi nayo imepikwa na lile joto.