Kutupatia anwani ya barua pepe si kutushirikisha: maoni kuhusu Mswada wa Fedha huishia wapi?

Wanajukwaa, tumechoka kuambiwa kwamba siku hizi Mkenya anashiriki kutunga sheria kwa simu yake. Anachopewa ni anwani ya barua pepe na siku chache. Akishatuma hajui kama imefika, nani ameisoma, wala kwa nini imewekwa kando. Bunge linaandika kwamba umma umeshirikishwa, basi, yamekwisha.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwezeshe umma kushiriki. Liwezeshe, si lipokee tu. Tuanze na mswada wenyewe. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini Mswada wa Fedha, ule wa kila mwaka wa kubadilisha kodi, hutujia kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kodi ya mkate ya mwaka 2024 haikuandikwa "mkate utatozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16". Ilipitia mlango wa nyuma: bidhaa inaondolewa kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya VAT, lile la bidhaa zinazotozwa asilimia sifuri. Ili ujue mkate umeguswa, lazima ufungue faili mbili, mswada na sheria inayorekebishwa, uzisome sambamba. Mwenye kioski atafanyaje hivyo kwenye kioo kidogo cha simu, na bando la shilingi ishirini linakaribia kuisha?

Ndiyo maana kazi hiyo ilifanywa na vijana. Juni 2024 waliuchambua mswada, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama katika video fupi za TikTok, wakaujadili hadi usiku wa manane kwenye X Spaces, vikao vya sauti vya mtandao wa X, na wengine wakaunda programu ya akili unde ya kujibu maswali kuuhusu. Nambari za wabunge zilisambazwa, na SMS zikamiminika. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba kodi ya mkate imeondolewa, pamoja na ile ya magari ya asilimia 2.5. Kilichobaki kilipitishwa tarehe 25, siku ambayo waandamanaji walipigwa risasi na kuuawa karibu na Bunge, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Hakuna mtu aliyepaswa kufa ili maoni yasomwe. Hakuna!

Sasa wengi wanaamini kwamba kutuma "Kataa Mswada" mara elfu kumi kunatosha. Shinikizo hilo lina nguvu mtandaoni na barabarani. Kwenye kamati ya Bunge inayopokea maoni halifiki mbali, kwa sababu kamati hupitia mswada kipengele kwa kipengele, na barua isiyotaja kipengele haina pa kuwekwa. Someni ripoti za kamati muone kampuni za ukaguzi wa hesabu na vyama vya wenye viwanda vinavyotajwa kipengele baada ya kipengele. Wana watu wanaolipwa kuandika waraka wa safu tatu: kipengele, badiliko linalopendekezwa, sababu. Andikeni vivyo hivyo, hata kama ni kipengele kimoja tu kinachowauma. Jina la mswada na nambari yake viwe kwenye kichwa cha barua pepe. Tumeni maandishi, si picha za karatasi. Picha haitafutiki maneno, na viambatisho vizito hurudishwa. Ombeni uthibitisho kwamba waraka umepokelewa, semeni kama mnataka kusikizwa ana kwa ana, na mhifadhi nakala yenye tarehe na saa. Tena mjihadhari na skrinishoti za matangazo zinazozunguka WhatsApp. Ikikatwa sehemu yenye tarehe ya mwisho, watu wanatuma maoni siku mbili baada ya mlango kufungwa.

Lakini ufanye yote hayo, jibu utalitoa wapi? Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023. Miongoni mwa sababu: vipengele vipya viliingizwa baada ya umma kutoa maoni, na Bunge halikueleza kwa nini lilikubali haya na kukataa yale. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, ikisema hakuna wajibu wa wazi wa kutoa sababu kwa maandishi, ingawa ingefaa zitolewe. Ingefaa! Mtu amekesha akiandika, na kumjibu kumeachwa kuwa hisani. Ukikimbilia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Mswada wa Fedha unakimbizana na tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha. Jibu likifika, mshahara umeshakatwa.

Wala mitambo haikosekani. Ukilipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, risiti yenye nambari inatoka papo hapo. Basi kila waraka wa maoni upewe nambari. Litolewe jedwali moja linaloonyesha nambari hiyo, kipengele kilichotajwa, uamuzi wa kamati na sababu yake. Mswada uje kwa Kiswahili pia, na maandishi ya sheria ya sasa yakae kando ya mapya, ukurasa ule ule.

La mwisho ndilo linalotukera kuliko yote. Marekebisho yanayopelekwa kwenye Kamati ya Bunge Zima, pale wabunge wote wanapopitia vipengele vya mswada, yawekwe mtandaoni angalau siku mbili kabla ya kura, maana huko ndiko kipengele ulichokitolea maoni hugeuzwa kikawa kingine. Mwaka 2023 makato ya nyumba yaliingia kwenye mswada yakiwa mchango wa asilimia 3 ambao mfanyakazi angeweza kurudishiwa baadaye. Yalitoka yakiwa ushuru wa asilimia 1.5 usiorudishwa. Watu walitoa maoni juu ya mchango, wakakatwa ushuru.